Niliwadanganya kuhusu ile treni ya injini mbili

Wasee, leo sina vichekesho. Hii posti ni msamaha, halafu ni darasa kidogo, halafu kuna mahali nitabishana na mzee mmoja mbele yenu. Kama uko na haraka ya mat, isome jioni.

Mnakumbuka ile klipu yangu ya treni ya mizigo ikipita Makadara, vichwa viwili mbele, kimoja nyuma ya kingine? Nilisimama nje ya fensi, simu juu, nikasema na sauti ya mtu anayejua: cheki maajabu, injini ya kwanza inavuta mzigo, na bado inavuta injini ya pili iliyokufa. Hii nchi hata treni inabeba treni. Nikaweka muziki, nikaweka kile kicheko cha kuchapisha. Klipu ikaangaliwa kuliko kitu chochote nimewahi kupost tangu nianze hii kazi. Watu walicheka na mimi mpaka usiku. Mmoja tu ndiye aliandika, "Angalia moshi, kijana." Nikamjibu na emoji ya kulala.

Kumbe huyo alikuwa anaandika kwa niaba ya babu yake. Walikuwa wanaangalia simu moja, mzee anasema, mjukuu anaandika. Baada ya wiki mbili mjukuu akanitafuta kwa inbox: mzee anauliza kama unaweza kuja, yeye hawezi kupanda ngazi za kwenu.

Mzee alikaa Makongeni miaka mingi, enzi zile nyumba zilikuwa za watu wa reli. Sai anakaa kwa mtoto wake Maringo. Nikafika na mkate na maziwa, kwa sababu mama yangu alisema huwezi kuenda kugombezwa mikono mitupu. Nikasalimia, nikapewa kiti cha plastiki. Hakunigombeza. Aliuliza tu.

"Wewe ndiye ulisema ile injini ya pili imekufa?"

"Ni mimi, mzee."

"Ulipima nini?"

Hapo nilinyamaza. Sikuwa nimepima kitu. Niliona injini mbili, nikaona watu wamekaa kwa moja tu, na kichwa changu kikamalizia story. Kama unaniuliza kwa nini hiyo iliniuma sana, ni kwa sababu mimi nilifika mwaka wa pili wa uhandisi wa mitambo kabla karo inishinde. Notisi za presha ya hewa bado ziko kwa katoni chini ya kitanda. Nilifaulu ule mtihani. Na bado nikasimama mita kumi kutoka kwa mipira iliyojaa hewa, naiona na macho yangu, nisijiulize inafanya nini pale.

Wacha basi niwaambie inafanya nini.

Anza na injini za moshi, kwa sababu mzee pia alianzia hapo. Injini moja ya moshi inahitaji watu wawili, dereva na fireman. Ukitaka injini mbili zivute treni moja, unahitaji dereva wawili na fireman wawili, watu wanne, kila jozi kwa kijumba chake, hawaonani vizuri na kusikizana ni shida. Wanaongea kwa filimbi. Wa mbele anapiga, wa nyuma anajibu, ndiyo wafungue mvuke pamoja. Mzee alinielezea kwa mkokoteni: mmoja anavuta mbele, mwingine anasukuma nyuma, wanapanda kilima cha Jogoo Road. Wa nyuma akichoka bila kusema, wa mbele ndiye anavunjika mgongo. Wa nyuma akisukuma kabla wa mbele ajipange, mboga zote ziko kwa lami.

Na hii reli yetu ni ya kupanda. Unatoka Mombasa kwa bahari, ukifika Nairobi uko juu zaidi ya mita 1,600. Ukiendelea upande wa Eldoret, pale Timboroa uko juu zaidi ya mita 2,700. Sasa kama huwezi kufunga injini mbili za moshi zitii mkono mmoja, unafanya nini? Unajenga moja kubwa ajabu. Ndiyo maana kuna zile Garratt za daraja la 59. Zilijengwa na Beyer Peacock kule Manchester, zikaletwa 1955 na 1956, zote 34, kila moja tani 252, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Hakuna injini za moshi za reli ya mita moja ziliwahi kuzishinda nguvu. Ukitaka kuamini, enda Makumbusho ya Reli pale nyuma ya stesheni ya Nairobi, Mount Gelai iko hapo. Simama kando yake. Utajiona kama mchwa.

Lakini angalia vizuri umbo lake. Garratt ni boila moja katikati, na mitambo miwili ya magurudumu, mmoja mbele na mwingine nyuma, yote inakula mvuke kutoka kwa boila hiyo moja. Yaani walishindwa kuunganisha injini mbili, wakaamua kuzizaa zikiwa zimeungana tayari. Mzee alifanya kazi ndani ya hizo akiwa kijana mdogo kuniliko. Hakuwa anachota makaa kama kwa sinema, hizi zilichoma mafuta mazito. Kazi yake ilikuwa moto na maji, macho kwa geji, usiku mzima. Aliziona zikiondolewa moja moja. Kufikia 1980 zilikuwa zimeisha kazini.

Kilichoziondoa ni dizeli. Na hapa ndipo mipira inaingia.

Injini ya treni ya dizeli, zile kubwa tunazoona, haizungushi magurudumu moja kwa moja kama mat. Dizeli inazungusha jenereta. Jenereta inatoa umeme. Umeme unaenda kwa mota zilizo karibu na ekseli, na mota ndizo zinazungusha magurudumu. Mimi hii nilijua, ilikuwa kwa notisi. Kitu sikuwa nimefikiria ni hiki: kama nguvu ni umeme, basi amri pia inaweza kuwa umeme. Na amri ya umeme haijali kama injini iko mita mbili au mita ishirini. Unaweza kuitoa kwa kichwa kimoja ukaipeleka kwa kingine na waya.

Hii akili si ya dizeli hata. Ni ya Mmarekani anaitwa Frank Sprague. Mwaka wa 1897, kule Chicago, alichukua reli ya juu ya South Side akapanga kila behewa liwe na mota zake, na dereva mmoja mbele aziamrishe zote pamoja. Watu wa dizeli waliirithi tu.

Kwa hivyo ukisimama katikati ya injini mbili zilizofungwa pamoja (usifanye hivyo, mzee amenionya niwaambie, na pia ni makosa kuingia kwa reli), unaona vitu vitatu. Kuna kapla, ile ngumi kubwa ya chuma. Kila mtu huiona, na kazi yake ni kuvuta tu, haina akili. Kuna kebo nene kama mkono wa mtoto, inaingia kwa soketi pande zote mbili. Halafu kuna mipira, mingine minene, mingine myembamba, inaning'inia kama matumbo.

Kebo kwanza. Kwa injini za Kimarekani kiwango kilichokuja kushika ni kebo ya pini 27. Dereva akisogeza mkono wa mafuta, ambao una hatua 8, hatumi mafuta kwa injini ya nyuma. Anatuma umeme kwa waya kadhaa, na kule nyuma kuna swichi nne za sumaku zinakaa kwa gavana ya dizeli. Hizo swichi nne zikiwaka kwa mchanganyiko tofauti tofauti zinatoa hatua zote 8. Swichi nne, hatua nane. Nilipoambiwa nilicheka kama mjinga, kwa sababu hiyo ni hesabu ya kompyuta, na walikuwa wanaitumia kusukuma mahindi.

Kuna kitu kingine kidogo kwa hiyo kebo ambacho nimekipenda kuliko vyote. Fikiria injini mbili zimefungwa zikiangaliana, pua kwa pua. Mbele ya moja ni nyuma ya nyingine. Dereva akisema "mbele," ile nyingine ikitii neno kama lilivyo, zitaanza kusukumana. Sasa waliopanga hizo nyaya walifanya mbili zake, ya mbele na ya nyuma, zibadilishane nafasi ndani ya injini kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Hivyo ukiunganisha vyovyote vile, zote zinaelekea upande mmoja. Hakuna mtu anahitaji kukumbuka.

Sasa mipira. Mpira wa kwanza ni ule wa breki ya treni nzima, unapita kila behewa mpaka mwisho. Hii kanuni ni ya George Westinghouse, aliitengeneza mwanzo wa miaka ya 1870, na imepinduliwa kichwa chini kuliko unavyodhani. Hewa ikijaa kwa bomba, breki zinaachilia. Hewa ikitoka, breki zinashika. Kwa hivyo treni ikikatika katikati, mpira unapasuka, hewa inatoka, na kila kipande kinasimama chenyewe. Kosa likitokea, linaangukia upande wa kusimama. Matatu zetu nazo, haya, tuachie hapo.

Mpira wa pili unaunganisha matangi makubwa ya hewa ya injini zote mbili, ili kompresa ya moja isaidie nyingine. Halafu kuna mpira, au mipira, ya breki ya injini zenyewe, ile breki dereva hutumia kwa vichwa peke yake bila kugusa mabehewa. Hii inafanya kazi kinyume cha ile ya kwanza. Hapa hewa ikiingia ndiyo breki inashika. Unaona hatari iko wapi? Mpira wa treni ukisahaulika, treni itakwambia, haitoki hapo. Huu wa vichwa ukisahaulika, au valvu yake ikiachwa imefungwa, kila kitu kinaonekana sawa. Injini ya nyuma inavuta vizuri. Ni mpaka dereva ashike breki ya injini ndiyo anagundua ya mbele inashika na ya nyuma inamsukuma. Mzee hakuniambia kama iliwahi kumtokea. Nilimuuliza, akamwaga chai.

Na injini zingine za zamani zilikuwa na mipira zaidi, ya mchanga. Ndiyo, mchanga. Injini ya treni hubeba mchanga kwa visanduku, na reli ikiwa na umande au mafuta, hewa inaupuliza chini ya magurudumu yasiteleze. Dereva akitaka mchanga mbele, ya nyuma pia imwage, na hiyo amri kwa injini za mapema ilipita kwa mpira wa hewa. Baadaye ikahamishiwa kwa kebo.

Vile vichwa vya mipira ndivyo vilinifanya niombe mzee nirekodi mikono yake. Ukichukua mpira wa maji na bomba, kuna upande unaingia na upande unaoingiwa. Hii si hivyo. Pande zote mbili ni sawa kabisa. Unazikunja zikutane, unazishusha, zinashikana kama watu wawili wanaosalimiana, na hewa ikiingia inazibana zaidi. Hata jina lake kule Marekani linatokana na salamu ya mkono. Kwa sababu pande ni sawa, na mipira ya injini imewekwa kulia na kushoto ya kapla, haijalishi injini imegeuka wapi. Mzee alinipa mkono wake wa kulia, akanionyesha, akazungusha. Kidole chake kimoja hakina kucha. Sikuuliza.

Lakini salamu hiyo ina adabu yake. Kabla ya kuachanisha kwa mkono lazima ufunge valvu za pande zote mbili, halafu uache ile hewa imebaki katikati itoke. Kwa injini za Kimarekani, presha ya tangi kubwa ni kama 130 hadi 140 psi. Gurudumu la gari ndogo ni thelathini na kitu. Mpira wenye presha hiyo ukichomoka kwa mkono wako unakuwa nyoka wa kuchapa, na kichwa chake ni chuma.

Halafu unapanda injini ya nyuma, na hapa ndipo mzee aliongea polepole kuliko mahali pengine popote. Unaweka mkono wa mafuta chini kabisa. Unachomoa ule mkono wa mbele na nyuma, mwingine hubeba nao mfukoni. Na unakata valvu ya breki ya dereva, ili hiyo injini isiwe na maoni. Ukisahau kuikata, sikiliza kinachotokea: dereva wa mbele anatoa hewa kwa bomba ili treni isimame, na ile valvu ya nyuma, ambayo inafikiri bado ni kiongozi, inaona hewa imepungua na inaanza kuijaza tena. Yeye anatoa, hiyo inarudisha. Treni moja, vichwa viwili, vyote vinaamrisha. Mzee alisema maneno manne tu hapo: "Huko ndiko watu wameumia."

Sasa turudi kwa treni zetu. Mwaka wa 1960, Reli ya Afrika Mashariki ilianza kupokea dizeli za njia kuu kutoka English Electric ya Uingereza, nguvu farasi 1,840. Wakati huo ziliitwa daraja la 90, baadaye Kenya ikaziita 87. Miaka ya mwanzo ya 1970 zikaja zingine kutoka Montreal, Kanada. Jumuiya ikavunjika 1977, na mwisho wa miaka hiyo ya 1970 zikaja za General Electric kutoka Marekani, daraja la 93, halafu 1987 daraja la 94. Yaani ndani ya miaka thelathini hii reli ilipokea wageni kutoka nchi tatu, na kila nchi ina mawazo yake kuhusu jinsi injini zinavyoongea.

Hii ni shida ambayo kila mtu hapa anaielewa, kwa sababu ni shida ya chaja. Umeenda kejani kwa mse, simu yako iko asilimia mbili, ana chaja tatu na hakuna hata moja inaingia. Dizeli za mapema zilikuwa hivyo tu. Kampuni ya Baldwin huko Marekani ilitumia hewa kuongoza mafuta: dereva anabadilisha presha, presha inapita kwa mpira, injini ya nyuma inapandisha nguvu kadiri presha inavyopanda. Wenzao walitumia umeme wa hatua hatua. Kwa hivyo Baldwin na injini za wenzao zingeweza kufungwa kapla, zikasalimiana mipira ya breki, na bado zisielewane kuhusu mwendo. Uingereza wakajenga za aina nyingi sana kwa haraka, mpaka ikabidi wachore alama za rangi mbele ya injini ndiyo mfanyakazi asichanganye: nyota ya bluu na nyota ya bluu, sawa. Nyota ya bluu na almasi nyeupe, sahau. Zile za nyota ya bluu pia zilitumia presha ya hewa kwa mafuta. Mpira ukivuja kidogo, ya nyuma haipati amri kamili, inavuta nusu moyo, na dereva hajui ni kwa nini treni ni nzito.

Niliwaambia nitabishana na mzee. Ni hapa.

Nilikuwa nimeshapenda hii kitu kabisa, naiona kama ushirikiano mtamu, injini ndogo mbili zinashinda Garratt moja. Nikamwambia hivyo. Mzee akaniangalia.

"Ulihesabu watu?"

Injini mbili za moshi, watu wanne. Injini mbili za dizeli zilizofungwa kwa kebo na mipira, watu wawili. Ongeza injini ya tatu, bado watu wawili. Mzee anasema ule mpira ulikula kazi ya marafiki zake, na si mfano wa maneno. Anawajua kwa majina, na wengine walirudi nyumbani wakiwa na umri wangu, na ujuzi wa moto ambao hakuna mtu mwingine anauhitaji. Huko Marekani hii vita ilipiganwa mapema kabisa. Dizeli ya mizigo ya EMD ilipotoka 1939, vichwa vinne kwa treni moja, nguvu farasi 5,400, swali kubwa la vyama vya wafanyakazi halikuwa kama inavuta. Lilikuwa: hii ni injini moja au nne? Kwa sababu kama ni nne, unadaiwa dereva wanne.

Mimi nikasema, lakini mzee, treni ilikuwa ibebe zaidi kwa pesa kidogo, si hiyo ni maendeleo? Akaniuliza kama kuna kitu kinaweza kufanya kazi yangu bila mimi. Nikafikiria ile programu ya AI ambayo siku hizi inaniandikia manukuu ya klipu, na mse aliyekuwa ananifanyia hiyo kazi kwa mia tano, ambaye sijampigia simu tangu Januari. Sikumjibu. Lakini pia sikubaliani naye kabisa, na nilimwambia: mtu wa kulaumiwa si mpira. Kuna mtu mahali alihesabu akiba ya wale watu wawili, akaamua iende wapi, na haikuenda kwa fireman. Mzee alisema hiyo ni maneno ya chuo. Nikamwambia mimi si wa chuo tena. Tukacheka, lakini hakuna aliyeshinda.

Nilitoa ile klipu ya kwanza. Nikaweka mpya, dakika nne, mikono ya mzee ikisalimiana. Imeangaliwa na watu wachache sana, na komenti ya juu inasema "ndiyo maana uliacha shule." Sawa. Ya uongo ilinilipia intaneti ya mwezi, hii haijalipa hata nauli ya Maringo. Nawaambia tu mjue hesabu ya hii kazi ilivyo.

Jumamosi iliyopita nilimbeba mzee na boda mpaka Makadara. Tukasimama nje ya fensi, pale pale. Tukangoja karibu saa mbili. Ikaja treni ya mizigo polepole, vichwa viwili mbele. Nikamwambia kwa haraka, nikijionyesha, "Hiyo mzee, ya nyuma inafuata amri ya mbele, ona ile kapla..."

Mzee akanishika mkono. "Angalia moshi."

Ya mbele ilikuwa inatoa. Ya pili, hakuna kitu. Nikaangalia katikati zilipopita: hakuna kebo, soketi imefunikwa, mpira mmoja tu wa breki ndio umeshikana.

"Hiyo sasa," mzee akasema, na alikuwa anacheka mpaka akakohoa, "hiyo ndiyo imekufa. Rekodi."